Tovuti Tatu za Familia Moja: Tuziunganishe au Tuziache?

Swali

Ndugu Mshauri, nakusalimu wewe pamoja na wasomaji wenzangu wa safu hii. Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Raskazone hapa Tanga, na tangu mwaka 2016 ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba 8. Mdogo wangu wa kiume ana boti na gari, naye huwapeleka wageni kwenye Mapango ya Amboni, kwenye magofu ya Tongoni na kwenye kisiwa cha Toten kilichopo hapa ghubani. Binti yangu hununua iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa upande wa Amani, wilayani Muheza, akavifungasha na kuviuza hapa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Kila mmoja wetu ana tovuti yake, iliyotengenezwa na fundi wake, kwa wakati wake. Mwaka jana tovuti ya mdogo wangu ilizimika kwa wiki mbili kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba siku ya kulipa imefika. Tangu hapo naona afadhali tuziunganishe zote tatu ziwe moja yenye jina la familia. Mdogo wangu anakataa. Anasema nyavu tatu huvua kuliko wavu mmoja. Binti yangu naye anasema jina la viungo vyake limeanza kujulikana na hataki limezwe na nyumba ya wageni. Nishauri tafadhali.

Mama wa Raskazone, Tanga

Jibu

Shikamoo Mama. Ushauri wangu ni huu: iunganishe tovuti yako na ya mdogo wako, umwachie binti yako ya kwake, na wazo la kutumia jina la familia liwekeni kando. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa mtakapokaa kulizungumza jambo hili nyumbani mtahitaji sababu kuliko hukumu, na kwa kuwa wasomaji wengine wanaokabiliwa na uamuzi kama wenu wana biashara zisizofanana na zenu.

Wengi wetu tunapoliwaza jambo hili huanza na mwenye mali: biashara hizi ni zetu, sisi ni ndugu, basi tovuti iwe moja. Lakini anayeifungua tovuti hajui kwamba ninyi ni ndugu, na hata akijua, udugu wenu haumtatulii shida iliyomleta. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni la mteja. Mtu aliyekuja kwa ajili ya biashara hii, je, katika haja ileile ataihitaji na biashara ile? Akiihitaji, mkizitenganisha mnampa kazi ya kutafuta mara mbili. Asipoihitaji, mkiziweka pamoja mnampa kazi ya kupekua vitu visivyomhusu kabla ya kukifikia anachokitaka.

Mchukulie mtu aliyeko Dar es Salaam, au hata Ujerumani, ambaye amesikia habari za Amboni. Anachukua simu yake na kuandika jina la mapango. Anataka kujua yako wapi, na jibu ni kwamba yako kiasi cha kilomita 8 kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Horohoro. Anataka kujua kama atapata mwongozaji, kama aje na tochi na viatu gani, kama anaweza kwenda na watoto, na kama siku hiyohiyo atawahi kufika Tongoni, ambako ni upande wa pili kabisa wa mji kwenye barabara ya Pangani. Akishajibiwa hayo, swali linalofuata ni la kulala. Hapo ndipo tovuti ya mdogo wako, kama ilivyo sasa, inamwacha njiani. Anaifunga, anarudi kutafuta vyumba Tanga, na anaonyeshwa nyumba nyingi ambazo yako ni mojawapo tu. Kumbe mtu huyu alikwishafika mlangoni kwenu. Safari yake ni moja, na kitanda na boti ni sehemu mbili za safari hiyo; anastahili kuvikuta mahali pamoja, akaweka nafasi ya vyote viwili kwa ujumbe mmoja.

Sasa mchukulie mama mwenye duka la viungo Mombasa. Anauliza iliki imekaushwa vipi, ni ya msimu upi, kilo 20 ni bei gani, zinafungashwa kwenye nini na mzigo utapakiwa kwenye basi la saa ngapi. Huyu hatalala Raskazone. Akiifungua tovuti akakutana na picha ya chandarua na kitanda, atadhani amekosea anwani, au, jambo lililo baya zaidi, atadhani kwamba viungo ni kazi ya pembeni ya watu wa hoteli. Binti yako ana haki ya kulilinda jina lake. Mtu anayeuza chakula anauza imani ya mnunuzi kwamba yeye hana shughuli nyingine zaidi ya hiyo.

Ni kweli kwamba wapo wateja wanaovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mgeni wako aliyekunywa chai ya mdalasini asubuhi anaweza kutaka pakiti ya kuondoka nayo. Kwa ajili ya mtu kama huyo unatosha ukurasa mmoja ndani ya tovuti ya wageni, wenye picha mbili tatu na maelezo ya viungo vinatoka wapi, kisha linki ya kwenda kwenye tovuti ya binti yako. (Nasema linki, ingawa wapo wanaoiita kiungo, kwa sababu katika barua hii viungo ni vile vya jikoni na sitaki tuchanganye.) Naye aweke linki moja ya kurudi kwenu. Zaidi ya hapo si lazima.

Nije kwenye nyavu za mdogo wako, kwa maana hoja yake haistahili kupuuzwa na ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Anaamini kwamba tovuti zikiwa tatu, basi Google itawaonyesha mara tatu. Google ilipoanzishwa mwaka 1998, wazo lililoitofautisha na wenzake lilikuwa kwamba linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama ushuhuda: ukurasa unaoshuhudiwa na wengi, hasa na wale ambao wenyewe wanashuhudiwa, hupandishwa. Tangu wakati huo yameongezwa mambo mengi sana, lakini ushuhuda huo bado unahesabiwa. Sasa fikirini: mgeni mmoja ameandika habari za safari yake akaweka linki ya nyumba yako, mwingine akaandika habari za boti akaweka linki ya mdogo wako. Ushuhuda huo umegawanyika kwenye nyumba mbili, na kila nyumba imepata kidogo. Mkiunganisha, unakusanyika pamoja. Linki ambazo tovuti zenu zinapeana zenyewe kwa zenyewe haziwezi kuziba pengo hilo, kama vile ushahidi wa ndugu kwa ndugu usivyobeba uzito wa ushahidi wa jirani.

Kuna jambo jingine ambalo mdogo wako alijue mapema. Wapo mafundi wanaowashauri wafanyabiashara wadogo kufungua tovuti nyingi zenye maneno karibu yaleyale, moja ya Tanga, moja ya Pangani, moja ya Muheza, zote zikimpeleka mteja kwenye namba ileile ya simu. Google katika kanuni zake imelitaja hilo waziwazi kuwa ni hila, na tovuti za namna hiyo zinaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo. Ninyi hamjafanya hivyo. Biashara zenu ni tatu za kweli na kuwa na tovuti tatu si kosa. Lakini faida anayoidhania haitokani na idadi.

Halafu kuna suala la matunzo, ambalo wewe mwenyewe uligusia ulipoeleza tovuti iliyozimika kwa wiki mbili, nami naliona kuwa zito kuliko hata habari za Google. Kila tovuti ina ada ya jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kila mwaka, ada ya seva inakohifadhiwa, programu zinazohitaji kusasishwa ili zisidukuliwe, bei zinazobadilika, namba za simu zinazobadilika na picha zinazochakaa. Je, katika familia yenu nani anayakumbuka haya? Kama ni mtu mmoja kwa tovuti zote, tovuti mbili ni nafuu kwake kuliko tatu. Binti yako, kwa jinsi ninavyodhani, anaitazama ya kwake kila siku kwa kuwa anauza kupitia hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwachia. Tovuti isiyo na mtu wa kuiangalia inawadanganya wateja kwa bei za mwaka juzi, na hapo ni bora isingekuwepo.

Sasa jina. Jina la familia lina heshima yake Tanga, lakini kwa mtu wa mbali halisemi kitu. Haliitaji nyumba, bahari wala pango. Kati ya majina mawili mliyonayo, chukueni lile linalojulikana zaidi na lenye linki nyingi zaidi kutoka nje, ambalo nadhani ni la nyumba ya wageni, na safari za mdogo wako ziwe sehemu ndani yake: anwani ileile, kisha mkwaju (alama ya /), kisha neno safari. Fundi anaweza kuwaambia mfungue kikoa kidogo kilichotengwa, safari nukta jina lenu. Google imesema mara nyingi kwamba njia zote mbili zinakubalika kwake. Mimi kwa biashara ndogo napendelea ile ya mkwaju, kwa kuwa inabaki tovuti moja, nenosiri moja, bili moja na mtu mmoja wa kuulizwa.

Kazi yenyewe ya kuunganisha ifanywe kwa uangalifu. Niliwahi kusimamia kazi kama hii ya watu wawili waliokuwa na biashara jirani, nikaruhusu kurasa zote za tovuti ya zamani zielekezwe kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti mpya kwa kuwa ilionekana ni kazi ya dakika kumi. Waliokuwa wakitafuta habari za safari fulani wakawa wanatua kwenye picha ya mapokezi, wanashangaa, wanaondoka. Google nayo huuhesabu mwelekeo wa namna hiyo, kutoka ukurasa wenye jambo mahususi kwenda ukurasa wa mbele usiolijibu, kama vile ukurasa umefutwa. Ilichukua muda mrefu kulirekebisha, na wenye biashara ndio walioumia, si mimi. Bado jambo hilo linanisumbua. Kwa hiyo, Mama, mwambie fundi aanze kwa kuorodhesha kila ukurasa wa tovuti ya mdogo wako, aandike mbele yake ukurasa mpya utakaochukua nafasi yake, kisha aelekeze mmoja kwa mmoja: wa Amboni kwa Amboni, wa Tongoni kwa Tongoni, wa bei kwa bei. Mwelekeo uwe wa namba 301, ambao maana yake ni kwamba ukurasa umehama moja kwa moja na hautarudi. Wenye namba 302 ni wa kuhama kwa muda, na mafundi wengine huutumia bila kufikiri.

Google inashauri mielekeo hiyo iachwe angalau mwaka mmoja. Mimi nasema iacheni kwa muda wote mtakaoweza kuilipia, maana yake muendelee kulipia jina la zamani la mdogo wako hata kama halina tena tovuti yake. Nasisitiza kwa sababu watu hufurahia kuokoa ada, wakaliacha jina life, na likishakufa mtu yeyote anaweza kulisajili. Sijui kama kuna jambo linalomuuma mwenye biashara kuliko kufungua anwani iliyo kwenye kibandiko cha boti yake mwenyewe na kukuta michezo ya kubahatisha. Tena, kama mdogo wako ana barua pepe yenye jina hilo, siku jina litakapokufa barua pepe zitakufa nalo, na kama barua pepe hiyo ndiyo iliyotumika kufungulia akaunti ya benki au ya simu, matatizo yatakuwa makubwa kuliko tovuti.

Wakati wa kufanya kazi hii uwe masika, kati ya mwezi Machi na Mei, wageni wanapopungua. Msishtuke mkiona watu wanaowapata kupitia Google wamepungua kidogo kwa wiki chache za mwanzo; kwa tovuti ya ukubwa wenu ndio muda wa kawaida wa mitambo yake kuzipitia kurasa na kuelewa kwamba mmehama. Wakati huohuo badilisheni anwani kwenye mabango, risiti, WhatsApp na ramani za Google. Kwenye ramani msiunganishe: nyumba ya wageni ibaki na alama yake, na kama safari zina ofisi yake inayopokea watu, nayo ibaki na ya kwake, kila moja ikipeleka kwenye ukurasa wake ndani ya tovuti moja.

Mambo mawili ya mwisho kwenu. Tovuti kuwa moja hakufanyi biashara kuwa moja. Usajili wenu, leseni zenu, vitabu vya hesabu na lipa namba vibaki kama vilivyo, na chini ya kila ukurasa iandikwe wazi ni nani anayetoa huduma hiyo, ili mgeni aliyelipia boti ajue anamdai nani boti isipoondoka. Vilevile orodha za wateja zisichanganywe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Mgeni alikupa namba yake ya simu na ya pasipoti ili alale. Hakukupa ili atumiwe matangazo ya karafuu wala ya boti. Akitaka hayo, aulizwe kwanza na aitikie mwenyewe.

La pili ni zito zaidi. Andikeni, wewe na mdogo wako, mkaweka sahihi mbele ya mtu wa tatu: jina la kikoa ni la nani, nani analipia nini, na siku mmoja akitaka kuuza sehemu yake, au akipata mbia kutoka nje, sehemu yake itatokaje na atapewa muda gani wa kuwaelekeza wateja wake kwenye anwani mpya. Kama mdogo wako tayari ana mbia kwenye boti, au anafikiria kuiuza mwakani, basi naufuta ushauri wangu wa kuunganisha na mbaki mlivyo, maana kuzitenganisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kuziunganisha leo. Na manenosiri yajulikane na watu wawili. Tumeona familia ambazo mwenye nenosiri alifariki, na warithi wakajikuta na biashara inayotangazwa kwa anwani ambayo hakuna kati yao anayeweza kuifungua.

Swali

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni seremala wa Bagamoyo. Ninatengeneza milango ya nakshi, vitanda na makabati, na wateja wangu wengi ni watu wa Dar es Salaam na wenye hoteli za huku pwani. Miaka miwili iliyopita nilianza pia kutengeneza majeneza, kwa kuwa familia na makanisa ya hapa na ya Chalinze walikuwa wakiyafuata mbali. Yote nimeyaweka kwenye tovuti moja. Hivi karibuni mama mmoja aliyekuja kuagiza kitanda cha harusi ya mwanawe alikuta picha za majeneza chini ya picha za vitanda, akaghairi. Mwanangu anasema niufiche ukurasa huo, nami naona kuuficha ni kama kuionea haya kazi halali. Nifanyeje?

Seremala wa Bagamoyo

Jibu

Fundi, kazi yako ni halali na ni ya huruma, na huna sababu ya kuionea haya. Lakini usiufiche ukurasa, utenge. Ukiuficha, mama wa harusi hatauona, ila na mfiwa naye hatauona, na huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi kati yao.

Kwako wewe biashara hizi mbili ni karibu sana: mbao zilezile, randa ileile, vijana walewale. Ukitazama kutoka kwenye karakana huoni sababu ya kuzitenganisha. Ukitazama kutoka kwa mteja, hakuna biashara mbili zilizo mbali kama hizo. Aliyekuja kwa ajili ya kitanda cha bibi harusi yuko kwenye furaha, ana muda, anataka kulinganisha nakshi na kuuliza kuhusu mninga na mvule, na pengine atarudi mara tatu kabla ya kulipa. Aliyefiwa anatafuta usiku, kwa simu, mara nyingi akiwa na watu wanaomsubiri ampe jibu. Hataki kusoma. Anataka namba ya simu inayopokelewa saa yoyote, bei iliyo wazi bila majadiliano ya kumdhalilisha, vipimo vilivyopo tayari, na kama una gari la kufikisha.

Kwa hiyo tovuti ya pili iwe ya ukurasa mmoja tu, nyepesi, yenye mambo hayo manne na picha chache za heshima. Ipe jina lake na namba yake ya simu, isiyoitikiwa kwa maneno ya dukani. Ukiona kazi imekua unaweza kulisajili jina hilo la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kando ya lile la kwanza. Ukurasa wa zamani wa majeneza ulioko kwenye tovuti ya samani uelekezwe kwenye tovuti mpya kwa 301, ili waliouhifadhi au kuutumiana wasipotee. Nimemshauri Mama wa Raskazone aweke linki kati ya tovuti zake; kwako nasema usiweke yoyote, kwa kuwa hakuna mteja wa upande mmoja atakayeshukuru kwa kuonyeshwa upande wa pili.

Na kama fedha ya tovuti ya pili haijapatikana, anza na alama kwenye ramani za Google yenye jina hilo, simu, saa za kazi na picha, mradi iwe na mahali pake penye kibao ambapo watu wanaweza kufika. Haina ada, na kwa mtu anayetafuta huduma ya karibu usiku inaweza kumfaa kuliko tovuti.

Swali

Tuna duka la vifaa vya uvuvi na karakana ya mashine za boti hapa Pangani, na tumeamua kuziunganisha tovuti zetu mbili kwa kuwa wateja ni walewale wavuvi. Tatizo ni kwamba jina la kikoa la karakana lilisajiliwa na fundi kwa jina lake mwenyewe, na sasa hapatikani kwa simu. Tuanzie wapi?

Ndugu wawili, Pangani

Jibu

Uamuzi wenu wa kuunganisha ni sahihi. Mvuvi anayenunua nyavu ndiye huyohuyo ambaye mashine yake imegoma. Ila msiguse chochote mpaka jina hilo liwe mikononi mwenu, kwa sababu mielekeo yote niliyoieleza hapo juu hukaa kwenye jina la zamani, na asiye nalo hawezi kumwelekeza mtu.

Angalieni kwanza kumbukumbu za umma za vikoa, zinazojulikana kama Whois, ambazo huonyesha jina lilisajiliwa kupitia kampuni ipi. Iandikieni kampuni hiyo, mkiambatanisha cheti cha usajili wa biashara na risiti za malipo mliyompa fundi, na muombe utaratibu wake wa kubadilisha mmiliki. Kama ni jina linaloishia na tz, msimamizi wake mkuu ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na mnaweza kuiuliza iwapo kampuni haitawajibu. Wakati huohuo endeleeni kumtafuta fundi kwa upole, kupitia watu mnaofahamiana nao. Wengi wao husajili kwa majina yao kwa kutaka kuharakisha kazi tu, na wakiombwa vizuri huachia.

Nakilini maandishi na picha zote za tovuti hiyo leo hii, maana akaunti ya seva nayo huenda iko kwake. Ikishindikana kabisa kulipata jina, jengeni sehemu ya karakana ndani ya tovuti ya duka, badilisheni anwani kwenye ramani na kwenye kibao, na wapeni wateja wenu wa karakana taarifa kwa simu, mmoja mmoja. Kumbukumbu hizo za Whois kwa kawaida huonyesha pia tarehe ambayo jina litaisha muda wake. Iandikeni kwenye kalenda ya dukani, kwa sababu asipolilipia, siku litakaporudi sokoni mnapaswa kuwa wa kwanza kulisajili.